Kimya cha Alhamisi Tatu

Tangu jana sijatulia. Nimepigia watu kumi na mmoja simu, na wote nimewasimulia kuanzia katikati, kwa hiyo wote wamenikatia. Rafiki yangu wa chuo ameniambia, "Wewe kunywa maji kwanza, halafu nipigie kesho." Kesho! Basi naandika, na safari hii naanzia mwanzo, maana karatasi haikati simu.

Mimi ni mshika sauti. Ukitazama filamu ukamsikia mtu vizuri, ujue pembeni yake kuna mtu kama mimi, kashika fimbo ndefu yenye maiki ya manyoya mwishoni, mabega yanawaka moto, pua inawasha na haruhusiwi kuikuna. Hii ndiyo kazi yangu ya kwanza ya maana tangu nimalize chuo: filamu kuhusu darasa la ushonaji ndani ya gereza la wanawake. Wenzangu wananiita Masikio. Mama yeye amewaambia ndugu wote kwamba napiga picha za harusi.

Anayeongoza filamu tunamwita Kata, kwa sababu neno hilo analitoa hata akiwa anakula. Kata aliomba kibali cha kuingia gerezani kwa miaka minne. Minne! Walipompa wakampa na masharti ukurasa mzima, na mawili ndiyo yanahusu habari yangu. La kwanza, askari akitoa amri, zima mitambo. La pili, chochote tulichorekodi kikaguliwe langoni kabla hatujatoka nacho.

Mkaguzi alikuwa afande mmoja mpole mwenye miwani, anakaa kwenye kijumba cha langoni chenye kiti kimoja na feni isiyozunguka. Picha alikuwa anazichambua kama mtu anayetoa mawe kwenye mchele. Kwenye sauti ndipo alipokuwa anachoka.

"Hili faili limeandikwa 'kimya'. Kimya cha nini?"

"Cha chumba, afande. Kila chumba kina kimya chake. Ukikata maneno ya mtu panabaki shimo, na shimo lile unaliziba na kimya cha palepale. Ukiweka cha kwingine, sikio linashtuka."

Akavua miwani akanitazama. "Na unalipwa?"

"Kidogo, afande."

"Afadhali iwe kidogo." Akaliruka. Tangu siku ile kila faili lililoandikwa 'kimya' akawa analiruka, na mimi sikumwona mjinga. Nani anakaa kusikiliza kimya?

Sasa kimya kinavyochukuliwa ni hivi. Natamka kwenye maiki siku, tarehe, saa na mahali. Halafu kila mtu anaganda dakika nzima. Hakuna kukohoa wala kuburuta kandambili. Kata alitaka ua wa mahabusu urekodiwe kila asubuhi tukifika, saa mbili kasoro robo, kwa sababu ua haufanani siku mbili: leo jenereta linanguruma, kesho kuna upepo unacheza na mabati. Mahabusu ni wale ambao kesi zao hazijaisha, na pale uani walikuwa wengi mno. Mchezo wa kimya waliupenda kuliko hata kupigwa picha.

"Haya, maiti, laleni!" mmoja anaita. Wanaganda. Sekunde ya ishirini, tumbo la mtu linanguruma kama pikipiki.

"Tumbo la nani hilo? Litoke nje!"

"Lingekuwa linajua njia ya kutoka nje, ungelikuta hapa?"

Basi kicheko, tunaanza upya. Mara ya pili, mara ya tatu. Ndiyo maana dakika ikishaanza kwenda vizuri, mimi siigusi hata mbingu ianguke. Na hapo ndipo nilipokosea. Alhamisi moja kila wiki mbili, saa ileile, Sajini, yule mama askari wa zamu, alikuwa anakuja kuita majina ya wanaokwenda mahakamani. Hiyo ni amri ya askari. Sharti linasema zima. Mimi sikuzima. Nilifanya hivyo Alhamisi tatu, nikaandika 'kimya, ua wa mahabusu', nikapita langoni na uso wa mtoto aliyelamba sukari. Alhamisi moja tu sikuwepo, jino lilikuwa linaniua.

Sasa Fundi. Fundi ni mmoja wa mahabusu, ndiye aliyekuwa anawafundisha wenzake kukata nguo. Mikono yake ikishika mkasi unaweza kudhani kitambaa kinajifungua chenyewe. Yuko ndani mwaka wa tatu, anashtakiwa kuiba marobota mawili ya kitambaa kwenye karakana aliyokuwa anafanyia kazi. Kama aliiba au hakuiba, mimi sijui, na msiniulize. Kujua ni kazi ya hakimu, na hakimu hajasikiliza hata shahidi mmoja.

Jumanne ya wiki hii nimemkuta kwenye cherehani yake, mguu uko kwenye pedali lakini haukanyagi. Akanipa karatasi.

"Soma wewe, Masikio. Labda mimi nimesahau kusoma."

Ilikuwa barua ya dada yake. Nimeisoma mara nyingi hadi naijua kwa kichwa: "Mdogo wangu. Mume wangu amekwenda mahakamani mara nne kukudhamini. Mara nne ameacha kazi, amevaa shati lake jeupe, amekaa benchi tangu asubuhi na kitambulisho mkononi. Mara zote nne karani anasoma kwamba mshitakiwa amegoma kupanda gari. Sasa mume wangu amesema hakanyagi tena pale. Na hakimu amesema Alhamisi hii ndiyo ya mwisho, usipofika ombi lako la dhamana analitupa. Kama kuna jambo unatuficha, tuambie. Dada yako."

"Nigome?" Fundi akasema. "Mimi? Mimi ninayepiga pasi gauni kwa kikombe cha maji ya moto?"

Ni kweli, nimemwona kwa macho yangu. Anajaza kikombe cha bati maji yanayochemka, anakisugulia gauni juu ya godoro, upindo kwa upindo, mpaka mikunjo inasalimu amri. Halafu anasimama mstarini na wenzake kumi, wamenyooka kama penseli mpya. Jina linaitwa, anaitika. Gari halina mafuta. Wanarudi. Gauni linakunjwa tena, linawekwa chini ya godoro, linasubiri wiki mbili.

"Shemeji yangu siyo mtu wa maneno," Fundi akasema. "Akishasema hakanyagi, ndiyo basi. Na hana makosa. Mara nne, Masikio. Amekaa kwenye lile benchi kama mtu aliyekataliwa posa."

Nikamwambia gauni lake zuri. Fikiria! Mtu anazama, unamsifia kofia.

Nyumbani sikuweza kula. Nazunguka meza tu. Mama akasema, "Kaa, unanipa kizunguzungu." Mama yangu ni karani wa masjala, mwaka wa ishirini na sita sasa, kazi yake ni majalada na mihuri. Nikamweleza yote, nikamaliza na, "Mtu gani mwenye roho mbaya hivyo anaandika watu wamegoma na hawajagoma?"

Mama wala hakuacha kutafuna. "Siyo roho mbaya. Ni fomu."

"Fomu?"

"Kuna mtu yuko mezani, ana fomu yenye vijisanduku. Amefika. Mgonjwa. Amegoma. Unaona kijisanduku cha 'gari halina mafuta'? Hakipo. Basi atie tiki wapi? Siyo mgonjwa. Hajafika. Kimebaki kimoja." Akameza. "Sisi pale ofisini tulikuwa na fomu haina 'mjane'. Miaka sita wajane wote walikuwa 'hajaolewa'. Mmoja alikuja na watoto saba na wajukuu."

"Lakini Mama, mimi nimesikia wakiitwa na wakiitika!"

"Lini?"

"Alhamisi."

"Alhamisi ya tarehe ngapi? Mwanangu, neno lisilo na tarehe ni umbea. Neno lenye tarehe ni jalada."

Nikasimama pale na kijiko mkononi kama mtu aliyepigwa shoti. Tarehe! Jamani, mimi si ndiye ninayezitamka kwa mdomo wangu?

Nilikimbilia chumbani nikavaa vipokea sauti. Alhamisi ya kwanza. Sauti yangu yenyewe, ya kujidai kidogo: "Alhamisi, tarehe tano, saa mbili kasoro robo asubuhi, ua wa mahabusu, kimya." Halafu mabati. Halafu Sajini anaita, jina moja moja, na kila jina linajibiwa "Nipo!" Mara kumi na moja. La Fundi ni la nne, na "nipo" yake inatoka haraka kabla jina halijaisha, kama mtu anayeogopa kurukwa. Halafu mbali, gari linajaribu kuwaka. Linakoroma, linakoroma, linazima. Na Sajini: "Halina mafuta, mama zangu. Rudini." Halafu hakuna anayesema kitu. Kandambili tu.

Alhamisi ya pili vilevile. Ya tatu hata gari halikujaribu.

Nikampigia Kata. Nilimweleza kwa pumzi moja.

"Umerekodi askari akitoa amri."

"Ndiyo, dada."

"Mara tatu."

"Ndiyo."

"Miaka minne, Masikio! Miaka minne nimekaa kwenye mabenchi ya ofisi za watu mpaka suruali zimepauka nyuma! Kesho ndiyo Mkuu wa gereza anatazama filamu aidhinishe. Tukimwekea hiyo, lango linafungwa, na filamu imekufa na imezikwa."

"Na tusipomwekea?"

Nilimsikia anatembea. Kumbe na yeye ni mtu wa kuzunguka meza. Mwisho akasema, "Sauti ni ya nani pale?"

"Sajini."

"Basi siyo yako kuitoa, wala siyo yangu. Kesho asubuhi, kabla ya yote, muulize yeye. Akikataa, umefuta. Umenielewa?"

Nilielewa. Nililala? Sikulala.

Jumatano asubuhi Sajini alikuwa amekaa mlangoni mwa chumba cha ushonaji, kofia juu ya goti. Ni mama mnene, mcheshi, anawaita mahabusu 'mama zangu' hata wale wadogo kuliko watoto wake. Nikamvisha vipokea sauti. Akaanza kwa kucheka.

"Huyu ni mimi? Mbona kama mbuzi aliyebanwa na mlango!"

Halafu hakucheka tena. Alisikiliza zote tatu. Alipovivua, aliviweka kwenye kofia yake kwa uangalifu, kama mayai.

"Nimebakiza miezi kumi na minane nistaafu," akasema.

"Najua, Sajini. Ukisema nifute, nafuta sasa hivi."

"Nyamaza kwanza, binti. Unajua ile fomu nani anasaini? Ofisi inatia tiki, halafu inaletwa kwangu. Nimesaini. Nimeona 'amegoma', nikajisemea, aah, karatasi tu, wao wanajua gari halina mafuta. Nani asiyejua? Paka wa jikoni anajua." Akainua macho kumwangalia Fundi, ambaye alikuwa anatunga uzi kwenye sindano, hajui hata tunaongea nini. "Kumbe huko wanakosoma hawamjui paka."

Akanigeukia tena.

"Ukimwonyesha Mkuu, saini pale chini ni yangu."

"Ndiyo, Sajini."

"Hm." Akavaa kofia, akaivua, akaivaa tena. "Mwambie mwenzako asiikate sauti yangu. Na nikae kiti cha mbele. Sitaki kusimuliwa."

Ofisi ya Mkuu wa gereza ni ndogo, ina meza kubwa kuliko mlango, sijui waliiingizaje. Mkuu ni mwanamke mwembamba, anaongea polepole kama anayelipia kila neno. Kata alikuwa amefanya jambo moja tu: kabla ya darasa la ushonaji, kabla ya chochote, aliweka picha ya ua mtupu, haisogei, na juu yake Alhamisi zangu tatu, zimefuatana, hazijaguswa. Dakika tatu. Katika maisha yangu sijawahi kusikia dakika ndefu vile. Nilikuwa nahesabu misumari ya dirishani.

Ilipofika 'rudini' ya tatu, Mkuu akainua kidole. Kata akasimamisha.

"Rudisha mwanzo."

Tukasikiliza tena. Sajini alikaa kiti cha mbele, amenyooka, jasho linamtiririka sikioni.

"Hizi tarehe nani anazisema?"

"Mimi, Mkuu."

"Masharti uliyasoma?"

"Niliyasoma, Mkuu."

"Uliyaelewa?"

"Niliyaelewa, Mkuu."

"Hm." Akafungua droo, akatoa faili, akapekua. Niliziona fomu: vijisanduku vitatu, kama Mama alivyosema, Mungu ampe maisha marefu. Akaweka kidole kwenye tiki moja, kisha nyingine. Alikaa na kile kidole pale muda mrefu. Mimi nilikuwa nasubiri tufukuzwe. Nilikuwa nimeshapanga hata nitakavyobeba fimbo ya maiki nikikimbia.

"Sajini."

"Mkuu."

"Kesho gari litakuwa na mafuta?"

"Hapana, Mkuu."

"Mahakama ni umbali gani kwa miguu?"

"Dakika arobaini, Mkuu. Kwa wao labda hamsini."

"Wana miguu?"

"Ishirini na miwili, Mkuu."

"Basi." Akafunga faili. "Nitatangulia mwenyewe. Na nyie," akatugeukia, "kuhusu filamu yenu nitawajibu nikitaka."

Jana ndiyo Alhamisi. Sijui nianzie wapi. Saa mbili asubuhi lango kubwa lilifunguka na wakatoka wanawake kumi na mmoja, wawili wawili, magauni yamenyooka, askari huku na huku, Mkuu mbele na mwavuli mweusi kama anakwenda kanisani. Kata alikuwa na mpiga picha wake barabarani, na mimi natembea kinyumenyume mbele ya mstari, fimbo juu, naomba Mungu nisikanyage jiwe. Madereva walisimama. Muuza magazeti alisahau kurudisha chenji. Fundi alikuwa anatazama chini, anatazama miguu yake kama ya kuazima.

Tukapita mbele ya ofisi ya Mama. Nilikuwa nimesahau kabisa kwamba njia inapita pale! Makarani wote dirishani, na katikati yao Mama, na miwani yake puani.

"Wewe!" Mama akapiga kelele mpaka mstari mzima ukageuka. "Mtaro! Nyuma yako kuna mtaro!"

Niliruka kwa bahati. Nikamsikia mwenzake anamuuliza, "Si ulisema bintiyo anapiga harusi?"

"Kwani huoni?" Mama akajibu. "Maharusi hao! Kumi na mmoja!"

Hata Mkuu, nakuapia, mabega yalicheza chini ya mwavuli.

Mahakamani tulikaa mpaka matako yakafa ganzi. Fundi aliitwa saa saba na nusu. Karani akaanza kusoma, kwa sauti ya kusinzia, kwamba mshitakiwa huyu amegoma mara nne. Hakimu akauliza bila kuinua kichwa, "Na leo?"

"Leo nimekuja, mheshimiwa," Fundi akasema. "Kwa miguu."

Ndipo hakimu akainua kichwa. Mkuu akasimama, na sare yake na viatu vyake vyenye vumbi, akasema maneno machache nadhani kuliko yote yaliyosemwa pale siku ile: "Hakugoma hata mara moja. Gari halikuwa na mafuta. Fomu tulizoleta hazikuwa sahihi, na gereza ni langu." Sajini alikuwa nyuma yake, kofia kwapani, haangalii mtu.

Hakimu aliandika muda mrefu. Kisha akasema kuanzia sasa mahabusu asipoletwa, sababu iandikwe kwa maneno na Mkuu asaini mwenyewe. Kesi ya Fundi ikapangiwa siku ya mashahidi. Na dhamana ipo. "Mdhamini wake yuko wapi?"

Benchi la wadhamini lilikuwa na mzee mmoja amelala, na hakuwa wa kwetu.

"Karani anafunga saa tisa," hakimu akasema. "Mdhamini asipopatikana leo, mshitakiwa anarudi gerezani mpaka atakapopatikana." Akaita kesi nyingine.

Mpaka atakapopatikana! Shemeji aliyeapa hakanyagi! Nikamsogelea Fundi kwenye kizuizi, askari wa mahakama ananikodolea. "Anafanya kazi wapi?"

"Karakana ya mageti, nyuma ya kituo cha mafuta. Lakini Masikio, hatakuja. Namjua."

Nilikimbia na rekoda begani na vipokea sauti shingoni vinanipiga kidevuni. Kwenye karakana kulikuwa na kelele ya kupasua kichwa: mashine ya kukata chuma, nyundo, redio juu ya yote. Shemeji ni mtu mrefu, amevaa aproni ya ngozi iliyotobolewa na cheche. Nilipotaja jina akashusha kinyago usoni akaendelea kuchomelea.

"Mwambie ahsante," akasema ndani ya kinyago. "Mara nne zinatosha."

"Hakugoma!"

"Karani kasoma. Mbele za watu. Mara nne mke wangu ananinyooshea shati."

"Shemeji, nipe dakika moja."

"Nina geti la watu hapa."

"Dakika moja, kwa saa! Ukimaliza kusikiliza unifukuze na hiyo nyundo."

Akainua kinyago, nadhani kwa uchovu tu. Nikamvisha vipokea sauti juu ya masikio yenye masizi. Nikabonyeza. Akakunja uso. "Sisikii kitu!" Akageuka akanguruma, "Zimeni!" Mashine moja ikanyamaza, kisha nyingine, kisha mtu akazima redio. Karakana nzima ikasimama kututazama.

Nilikuwa najua kila sekunde. Hapa ni mabati. Hapa ni jina la kwanza. La pili, la tatu. Sasa. Niliona linapomfikia. Alishika ukingo wa meza kwa mkono wenye glavu. Halafu gari, likakoroma, likazima. Halafu 'rudini'.

"Hii ni siku gani?" akauliza, kwa sauti kubwa kama mtu aliyeziba masikio.

"Tarehe tano. Umesikia mwenyewe."

"Tarehe tano nilikuwa pale." Akasema tena, siyo kwangu, "Nilikuwa nimekaa pale, na yeye amesimama hapa."

Saa ya ukutani ilikuwa nane na dakika thelathini na tano. Nilitaka kumvuta aproni. Akavua glavu moja, akatafuta mfukoni, akatafuta droo, akapiga kelele, "Nani kaona kitambulisho changu?" Kilikuwa ndani ya kiatu chake cha kuvaa nje. Tukatoka mbio, yeye na aproni yake, watu wanatupisha wakidhani kuna moto.

Karani alikuwa ameshashika funguo. Shemeji aliweka kitambulisho mezani na alama ya dole gumba la masizi juu yake, akasaini, akasaini tena, akaambiwa asaini na hapa. Hakuna aliyesema hongera. Mlango wa pembeni ukafunguliwa na Fundi akatoka na mfuko wa plastiki, na Kata alikuwa palepale na mpiga picha, kamera inawaka taa nyekundu.

Shemeji akasema, "Kumbe uliitika."

"Kila mara, shemeji."

"Basi." Akampokea mfuko.

Kata akanigeukia, macho yanang'aa machozi. "Umeipata? Sauti, umeipata?"

Nikajishika bega. Rekoda nilikuwa nimeiacha karakana, juu ya meza, karibu na geti la watu. Miaka minne ya Kata, na mahali penyewe hasa pa filamu hapana sauti hata chembe. Alifungua mdomo kusema lile neno lake, halikutoka. Akaanza kucheka, na mimi nikaanza kulia, mpiga picha akasema sisi wote wawili wendawazimu.

Filamu yenyewe? Mkuu bado hajajibu. Kati ya wale kumi na mmoja, sita wamepata dhamana na watano wamerudi, kwa miguu, na tarehe mkononi. Alhamisi baada ya ijayo hatujui kama kutakuwa na mafuta, au tutatembea tena, au hata tutaruhusiwa kuwepo. Sajini ameitwa makao makuu Jumatatu kujieleza. Nimemuuliza kama anaogopa, akasema anaogopa ngazi tu, ofisi iko ghorofa ya nne.

Lakini ngoja niwaambie la mwisho, maana hili hakuna hata mmoja kati ya wale kumi na mmoja wa simu aliyelifikia. Tulitoka nje ya mahakama, mimi, Fundi na shemeji yake, tufike ng'ambo tuelekee kwa dada yake. Asubuhi barabara ileile tuliivuka askari wakisimamisha magari. Sasa magari yalikuwa yanapita tu, vuu, vuu. Fundi akafika ukingoni, akaweka mguu mmoja, akaurudisha. Akauweka tena, akaurudisha. Nikaelewa anasubiri mtu aseme 'vuka', kama kule ndani. Shemeji naye akaelewa, akafungua mdomo, halafu akaufunga, akasimama tu pembeni yake na mfuko. Yakapita magari mengi, mimi nahesabu, nimeshika mkono wangu mwenyewe nisimsukume. Likapita lori. Nyuma yake palikuwa na mwanya. Fundi akaangalia kulia, akaangalia kushoto, akashika gauni lake kidogo juu ya magoti, na bila kuaga mtu akavuka.